Bawabu wa Bure

Alhamisi, baada ya adhuhuri, kompyuta ilinigeuka.
Kadi za arusi, arusi sita za mfunguo mosi,
zote zimekuwa vishale vidogo,
njia za mkato ziendazo pasipo na kitu.
Nikibonyeza jina la bibi arusi, hajibu mtu.

Chanzo ni flashi ya Bwanaheri, mwana wa dada yangu,
iliyotoka saiba ya Langoni na mtihani wa jiografia
na jambo jingine lisilokuwamo kwenye mtaala.
Sikumpiga. Nilimtazama tu,
naye akatazama ndara zake.

Fundi Famau alikuja na bisibisi asiyoihitaji.
Akaketi, akanywa kahawa, akauliza:
"Hapa nani analinda?"
Nikasema: Mungu.
"Na chini ya Mungu?"
Nikanyamaza.

Akaniwekea bawabu wa bure.
Anatosha, alisema, ukimlisha:
kila siku apate habari za wezi wapya,
na bando lako ndilo chakula chake.

Wiki mbili nimekaa na mlinzi huyo.
Kazi anafanya, sitamsingizia.
Lakini mdomo!
Nikipanga herufi za dhahabu, anachomoza pembeni:
Umelindwa nusu. Lipia nusu ya pili.
Nikipiga hesabu ya karatasi, huyo tena:
Jirani zako wameshalipia.
Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Bi Somoe.
Bi Somoe ana redio.

Usiku nikayasoma masharti yake, maandishi ya ukubwa wa chawa
(maandishi ndiyo mkate wangu, hayanitishi),
nikafika palipoandikwa, kwa adabu kubwa,
kwamba atahesabu ninapopita na ninachotafuta
awapelekee anaowajua yeye.
Basi si wa bure.
Mshahara wake anajichotea mwenyewe,
kibaba kwa kibaba, humu humu ndani.

Ndipo nikaenda kwa Mselem, duka la karibu na ngome.
Juu ya rafu ya betri ana kisanduku cha kijani:
elfu tatu kwa mwaka, kompyuta moja.
Nikakitikisa. Ndani mna karatasi yenye namba, basi.
Elfu tatu ni rimu nne, au stima ya miezi miwili.
"Huyu hapigi kelele," akasema Mselem,
"na mwaka ukiisha anajilipa mwenyewe kwenye kadi, hutasumbuka."
Anajilipa mwenyewe! Bila hodi!
Si ndivyo alivyoingia yule wa kwanza?

"Rahisi huvunja upishi," akanikumbusha.
Najua.
Na ghali huvunja mpishi.

Nikarudi njia nzima nahesabu kwa vidole,
punda akinipisha, mimi nisimwone:
mna nini hasa mle cha kuibwa?
Majina ya mabibi arusi, ambayo Ijumaa mji mzima utayajua.
Daftari la madeni; likipotea, wanaodaiwa watasoma maulidi.
Na sauti ya mama, dakika nne na sekunde kumi,
akinieleza kiasi cha pilipili katika achari,
akikohoa, akikicheka kikohozi chake mwenyewe.
Hiyo mlinzi wa bure hakuijua,
wa kulipwa hakuiulizia.

Nikanunua diski ya pembeni, ya mtumba, elfu moja mia nane.
Nikamimina kila kitu, nikaichomoa,
nikaiweka kidakani nyuma ya bakuli la buluu,
haina waya, haina bando, haisikii la mtu.
Bawabu wa bure nimemwacha mlangoni na mdomo wake.
Mwakani, arusi zikizidi, huenda nikamwajiri yule wa kisanduku.
Sijaapa.

Jana Bwanaheri kasimama kizingitini,
flashi mkononi kama aliyeshika nge kwa mkia.
Hakuingia.
"Hodi," akasema,
si kwangu,
kwa kompyuta.

Nikamjibu kwa niaba yake:
ngoja kwanza.